Jipi ya zamani inataka mipira ya namna gani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Pengine utauliza: munganga wa dispanseri anatafuta nini katika mambo ya mipira ya motokari? Kazi yake si sindano, vidonge na kufunga vidonda? Ni kweli. Mimi si mekanisiani. Nilisoma shule ya ufundi wa afya, na mikono yangu inajua bendeji kuliko inavyojua krike. Lakini fikiri kidogo. Mgonjwa wetu akitoka kambini kwenda kituo cha afya cha Mangina, au akipelekwa mbele hadi Beni, safari ya kilomita kama 30 kutoka Mangina, anabebwa na nini? Anabebwa na jipi. Na jipi hiyo inashika ardhi kwa mipira minne, ambayo kila mmoja unagusa chini kwa sehemu isiyozidi sana viganja viwili vya mkono.

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa na jina la Mangina likasikika dunia nzima, sote tuliona jipi zikipita mchana kutwa. Chanjo, dawa na wauguzi vilifika vijijini juu ya magurudumu. Kwa hiyo nasema bila haya: mpira wa jipi ni chombo cha afya, na mimi nina haki ya kutoa mawazo yangu juu yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja tulikuwa tunampeleka mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Jipi ilikuwa na mipira miwili mipya mbele, na nyuma miwili ya aina nyingine iliyokuwa laini kama kipara. Kwenye mlima wa kwanza ikaanza kuteleza, kisha ikaingia katika mfereji uliochimbwa na malori ya mbao. Tulikwama hapo tangu saa tisa mchana mpaka saa mbili usiku. Katika sehemu zetu za Beni hakuna anayehitaji kuambiwa kwa nini si vizuri kukwama njiani giza likiingia. Mtoto alizaliwa ndani ya jipi, na mama yake alipoteza damu nyingi. Namshukuru Mungu, wote wawili wako wazima. Lakini mipira ile nilikuwa nimeiona majuma mawili mbele. Nilinyamaza, kwa sababu nilidhani si kazi yangu.

Tangu siku ile sinyamazi tena. Na nikisema, ninasikia majibu ya namna tatu. Tuyatazame moja moja.

Wa kwanza anasema: «Gari hii ni mzee, mpe mpira mzee.» Ndugu, hapo umegeuza mambo. Land Rover ndefu na Toyota Land Cruiser za zamani ni mashini nzuri, ndiyo maana bado ziko kazini. Lakini nyingi zina freni za ngoma, ambazo zikiingia maji zinashika vibaya. Usukani wao ni wa nguvu za mikono tu. Gari mpya inaweza kusamehe mpira mbaya mara moja. Gari ya zamani haina cha kukusaidia, na kama mpira haukushika, hakuna kitu kingine kitakachoshika.

Tena angalia mpira huo wa bei rahisi umetoka wapi. Mwingine umetumika Ulaya mpaka wenyewe wakauchoka. Mwingine ulikuwa laini, mtu akauchonga mistari mipya kwa kisu cha moto ili uonekane na meno. Meno yale yamekatwa ndani ya unene uliokuwa umebaki, na chini yake kuna nyuzi tu. Usidanganywe na rangi nyeusi ya kung'aa. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 3519, maana yake ulitengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Ukiona namba tatu tu, ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, hata kama haujatembea kilomita moja. Raba inazeeka ikiwa imelala. Watengenezaji wakubwa wanashauri mpira uliopita miaka kumi uondolewe, meno yawepo au yasiwepo.

Wa pili, mara nyingi kijana, anasema: «Tuweke mipira mipana na janti za kung'aa, kama zile za kwenye picha.» Nami napenda picha, lakini tuulize barabara. Mpira mpana unafaa kwenye mchanga, kwa kuwa unaelea juu yake. Udongo wetu mwekundu ni kitu kingine: juu ni uteleziko kama sabuni, na chini yake mara nyingi kuna ardhi ngumu. Mpira mwembamba na mrefu unakata ule uteleziko na kuitafuta ardhi ngumu. Ndiyo sababu Land Rover ndefu na Land Cruiser nyingi za kazi zilitoka kiwandani na mpira wa 7.50-16, yaani upana wa inchi saba na nusu, karibu sentimita 19, juu ya janti ya inchi 16. Land Rover fupi ilivaa 6.00-16. Waliochagua hivyo hawakukosa akili. Ukiweka mpira mpana sana, usukani unakuwa mzito, mpira unasugua resori ukikata kona, na ruluma za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Wa tatu anasema: «Shida iko wapi? Tuchanganye vilivyopo magazini.» Hapana. Ukiona 7.50R16, ile R inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa namna tofauti na zile za 7.50-16. Mipira hiyo haishiki njia sawa. Usiiweke pamoja kwenye ekseli moja, na ni bora yote minne iwe ya aina moja na kimo kimoja. Land Rover hizi za zamani, ukifunga nguvu ya magurudumu yote, mbele na nyuma vinazunguka pamoja kwa lazima. Kama mipira ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mashini inajipinda ndani yake yenyewe mpaka ekseli inavunjika.

Na janti? Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko popote.

Kijana mmoja, msaidizi wa shofere, aliletwa kwangu jioni moja akiwa ameshika taya kwa kitambaa. Mkono wa kuume ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alikuwa anatia upepo katika gurudumu kando ya barabara, ameinama juu yake, na pete ya chuma ya janti ikaruka. Leo anakula, anasema, anacheka. Lakini mkono ule haunyooki tena vizuri, na kazi ya krike na buloni imemshinda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Janti nyingi za Land Cruiser za kazi ni za vipande: chuma chenyewe, na pete inayozuia mpira usitoke. Zinapendwa kwa sababu unaweza kubadili mpira porini kwa vyuma viwili na nyundo. Lakini upepo ulio ndani unasukuma pete ile kwa nguvu ya tani kadhaa. Kama kuna kutu, kama pete imepinda au ni ya janti nyingine, inaruka kama risasi. Huko Marekani, mwaka 1980, serikali iliweka kanuni maalum ya kazi juu ya janti za vipande za magari makubwa: anayezishughulikia afundishwe kwanza, na gurudumu litiwe upepo likiwa ndani ya kizuizi cha chuma. Watu walikuwa wamekufa kwanza ndipo kanuni ikaandikwa. Sisi tusingoje.

Kwa hiyo, kwa shofere, kwa msaidizi wake, na kwa kila kwado anayefanya kazi na kampani yetu, naomba haya:

1. Kabla ya kufungua gurudumu, toa upepo wote. Fungua ile sindano ndogo ya ndani ya valvu, na uiache nje mpaka kazi iishe.

2. Pete na janti zisafishwe kutu na kutazamwa. Iliyopasuka au kupinda itupwe. Usiichomee moto, na usiazime pete ya janti nyingine.

3. Ukitia upepo, gurudumu liwe ndani ya kizuizi cha chuma. Kama uko porini, lifunge kwa mnyororo mnene na uligeuze pete itazame chini. Tumia bomba refu, kaa pembeni, na watoto wafukuzwe mbali. Mnyororo wa porini ni wa shida tu, haulingani na kizuizi.

4. Usigonge pete kwa nyundo wakati mpira una upepo.

5. Janti ilingane na gari. Land Rover ya zamani ina buloni tano, Land Cruiser ya zamani ina sita. Usitoboe matundu mapya.

6. Baada ya kufunga gurudumu, tembea kilomita 50 hivi, simama, ukaze buloni tena.

7. Ukipunguza upepo ili kutoka matopeni, urudishe kabla ya kukimbia. Mpira wenye upepo kidogo unapata moto na kupasuka.

Neno kwa mama wa nyumbani. Mipira iliyoondolewa isikae nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yanakaa ndani yake, na mbu wa homa ya manjano na wa dengi wanapenda kuzaa humo. Itoboeni matundu ya kutoa maji au ifunikeni. Wala msiichome moto, moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wetu wanaotia sahihi juu ya karatasi za kununua. Najua mipira minne mipya ya aina moja ni bei kubwa, na kizuizi cha chuma ni gharama juu ya gharama. Lakini kizuizi kinaweza kuchomelewa na mafundi wetu wenyewe kwa mabomba yaliyolala nyuma ya atelie. Mfanyakazi haingii kazini bila kofia ya chuma, na hakuna anayemnunulia kofia iliyopasuka kwa sababu kichwa chake ni cha zamani. Tuifanyie jipi vivyo hivyo.

Na wewe ndugu unayepanda nyuma ya jipi asubuhi, usiogope kuinama na kutazama mipira kabla ya kupanda. Ukiona nyuzi, sema. Mimi nilinyamaza mara moja, na bado ninamkumbuka yule mama.