Roshani Ni Yako, Moshi Ni wa Wote

Muhula uliopita nilishinda mdahalo nisiostahili kuushinda. Mada aliitoa mhadhiri wetu wa utalii wa baharini: je, abiria wa meli ya kitalii aruhusiwe kuvuta sigara kwenye roshani ya chumba chake mwenyewe? Nikapangiwa upande wa kutetea wavutaji. Mimi sivuti, lakini mdomo ninao, na darasa letu mnalijua: anayechekesha ndiye anayepigiwa makofi.

Nilisema hivi. Mtu amejinyima miaka, amelipa maelfu ya dola, kachukua chumba chenye roshani badala ya kile cha ndani kisicho hata na dirisha. Ameketi nje, bahari mbele yake, hakuna mtoto wala mgonjwa ubavuni. Upepo wote wa bahari uko pale kuupeperusha moshi. Kisha kampuni inamwambia zima, la sivyo faini. Kwani alilipia roshani au alilipia picha ya roshani? Watu wakacheka, makofi yakapigwa, nikarudi kitini nikijiona wakili.

Kaka yangu ni mhudumu wa vyumba katika meli moja ya kitalii, mwaka wa tano sasa. Kampuni siitaji, maana bado anakula kwao. Karo yangu imetoka kwenye mshahara wake na bakshishi zake, hilo nalo si siri. Wikendi ile meli yao ilipofika bandarini akapata mtandao, nikampigia kumsimulia ushindi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema: "Mdogo wangu, umeshinda kwa sababu anayesafisha hakuwepo darasani."

Halafu akanieleza kilichompata miezi michache nyuma. Asubuhi moja aliingia kusafisha chumba kimoja, akakuta taulo kwenye kiti cha roshani limetoboka tundu la duara, kingo zake nyeusi. Wenye chumba walikuwa mke na mume wazee, hakuna anayevuta. Kipisi kilitoka roshani ya juu. Mtu alivuta usiku, akakirusha akidhani kinaenda baharini, upepo ukakirudisha deki ya chini. Bahati ni kwamba taulo lilikuwa bado na unyevu wa bwawa la kuogelea.

Kaka akaripoti, kama anavyotakiwa. Bwana wa juu akakana katakata. Chumba chake kilikuwa katika zamu ya kaka vilevile, akajua ni nani aliyeripoti. Mwisho wa safari akaandika kwenye fomu ya maoni kwamba mhudumu hana adabu, na bakshishi akaondoa. Aliyeitwa ofisini kujieleza ni kaka yangu.

Baada ya simu ile nikaanza kusoma, kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya mdahalo. Nikakutana na habari za meli inayoitwa Star Princess.

Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2006, Star Princess ilikuwa katika Bahari ya Karibi, imetoka Grand Cayman inaelekea Montego Bay, Jamaika. Ndani yake walikuwamo abiria 2,690 na wafanyakazi 1,123. Ilipopita saa tisa usiku kwa dakika chache, moto uliwaka kwenye roshani. Ukapanda deki za juu na kutambaa roshani hadi roshani kwa kasi iliyowashangaza hata wachunguzi. Ulichukua takriban saa moja na nusu kuuzima. Abiria mmoja alifariki kwa kuvuta moshi, na wengine 13 wakatibiwa. Vyumba 79 viliharibika kabisa, vingine 218 vikadhurika kwa moto, moshi au maji.

Uchunguzi ulifanywa na idara ya Uingereza ya kuchunguza ajali za baharini, kwa kuwa meli ilikuwa imesajiliwa Bermuda. Wakahitimisha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni kipisi cha sigara kilichotupwa, kikaunguza polepole kitu kilichokuwa kwenye roshani mpaka kikashika moto. Kuta za kutenganisha roshani zilikuwa za polikaboneti, aina ya plastiki. Viti na meza navyo plastiki. Na roshani hazikuwa na vihisi vya moto wala vinyunyizio vya maji, kwa sababu zilihesabiwa kuwa ni nje. Vyumba vyenyewe vilikuwa navyo, na ndiyo maana moto ulipovunja vioo vya milango ukajaribu kuingia ndani, ulizuiwa chumba kimoja kimoja.

Hebu rudi kwenye hoja yangu ya mdahalo. "Yuko nje, upepo upo." Upepo uleule niliousifu ndio uliouchochea moto ule. Na neno "nje" ndilo lililofanya roshani ziachwe bila kinga.

Najua upande wa pili watasema nini, maana nilikuwa upande huo. Watasema hayo yalikuwa mwaka 2006, meli zimebadilika. Ni kweli. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilirekebisha sheria za usalama wa meli mwaka huohuo, na kuanzia Julai 2008 kuta za roshani, samani zake na vifaa vya kugundua na kuzima moto vikawekewa masharti, hata kwa meli za zamani. Basi ikiwa roshani haishiki moto, sigara ina kosa gani?

Jibu langu ni taulo la wale wazee. Sheria inaweza kupima kiti na ukuta. Haiwezi kupima kanga uliyoanika, nguo ya kuogelea, gazeti, kofia ya majani uliyoinunua ufukweni. Abiria ndiye anayeileta roshani kila siku kitu kipya cha kuungua. Na nyumba ya nchi kavu ikiwaka unatoka nje. Meli ikiwaka katikati ya bahari saa tisa usiku, utatoka uende wapi?

Kampuni zenyewe zilichelewa kukubali. Princess, wenye meli ile, walipiga marufuku uvutaji wa roshani Januari 2012, karibu miaka sita baada ya moto. Royal Caribbean wakafuata Januari 2014, Carnival Oktoba mwaka huo, Norwegian Novemba. Leo katika kampuni hizo ukikamatwa unatozwa mamia ya dola, na wanaita gharama ya usafi.

Hoja ya pili ni moshi wenyewe. Nilisema hakuna mtu karibu. Nani kasema? Roshani za meli zimepangwa kama sega la nyuki: mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja juu, mmoja chini, na ukuta wa kati mara nyingi haufiki sakafuni wala darini. Meli inakwenda noti 20 hivi, karibu kilomita 37 kwa saa, kwa hiyo upepo unapita ubavuni kuelekea nyuma na kubeba kila kitu. Moshi wako hauendi baharini, unakwenda kwa jirani. Mwaka uleule wa 2006, Daktari Mkuu wa Marekani alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwingine kisicho na hatari. Jirani naye alilipia roshani. Akifunga mlango kukwepa moshi wako, ni yeye sasa anayelipia picha ya roshani.

Nikirudi kwenye mdahalo leo, ningeanza na hilo. Ulicholipia ni nafasi ya kukaa. Hukulipia hewa inayopita, kwa sababu haikai.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba kampuni ni malaika na wavutaji ni mashetani. Kuna jambo linalonikera zaidi ya yule bwana wa deki ya juu.

Katika meli nyingi zinazokataza sigara roshani, kasino bado ina sehemu ya kuvuta. Ndani! Chumba kilichofungwa, hewa inazungushwa na mashine, na mfanyakazi amesimama mezani zamu nzima akigawa karata huku mtu akimpulizia usoni. Kaka analala chumba kimoja na kijana anayefanya kazi kasino. Anasema kijana yule akirudi usiku hutundika sare yake mlangoni kwa nje, maana harufu haivumiliki. Havuti hata kidogo.

Sasa niambieni, kama tatizo ni afya, kasino ingefungwa kwa wavutaji kabla ya roshani. Kasino inaachwa kwa sababu mvutaji akiambiwa atoke nje, anaacha kucheza, na akiacha kucheza, mashine haili pesa. Kwenye roshani abiria haichangii kampuni chochote. Kanuni ileile inakuwa kali pale isipogusa mapato na laini pale inapogusa. Wenzangu wa idara ya biashara mtaniambia hiyo ndiyo biashara. Haya, lakini basi wasituambie ni afya.

Na wala usidhani sheria ya nchi itamsaidia kijana yule. Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, Tanzania wana yao ya 2003. Ukivuta mahali pa umma Mombasa unaweza kushtakiwa. Meli ikishatoka bahari yetu, inakwenda na sheria ya bendera yake, na meli hizi nyingi zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda. Kijana wa Likoni anayefanya kazi humo anabaki na kanuni za kampuni tu, na kampuni ndiyo yenye kasino.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Marufuku ya roshani ibaki, bila huruma. Moto hauulizi umelipa kiasi gani.

Pili, mvutaji apewe mahali pa kweli. Si kona moja nyuma ya meli, mwendo wa dakika kumi kwa mzee mwenye fimbo, ambako hakuna kiti. Sehemu ya wazi kila upande, yenye kivuli, vyombo vya majivu vyenye mchanga, na mtu wa kupita kuvikagua. Ukimnyima mtu mahali pa halali, usishangae akivuta gizani, na kipisi cha gizani ndicho kinachorushwa. Mwenye uraibu hauachi kwa kusoma tangazo ukutani.

Tatu, sigara itoke kasino. Hilo halihitaji maelezo.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike: mhudumu asifanywe askari. Huwezi kumweka mtu ambaye sehemu ya kipato chake iko mkononi mwa abiria, halafu ukamwambia amshtaki abiria huyohuyo. Kazi ya kuandika kosa iwe ya walinzi wa meli. Kampuni nyingi siku hizi zinaingiza bakshishi kwenye bili ya abiria kila siku, vizuri, lakini nyingi bado zinamruhusu abiria aende dawatini akaiondoe. Basi aliyeripotiwa kwa kosa la moto asiwe na ruhusa hiyo. Hapo kaka yangu ataripoti bila kuhesabu kwanza karo ya nani itapungua.

Mtaniuliza, haya ya meli za matajiri yanatuhusu nini sisi tunaopanda matatu? Kwanza, wengi wa darasa letu tunaomba kazi humo. Ukisoma utalii pwani hii, meli zile zinazotia nanga Mombasa na Unguja ndizo ndoto ya nusu ya darasa. Tutakuwa sisi tunaookota vipisi, na wengine tutakuwa mameneja tunaoamua nani aitwe ofisini.

Pili, pandeni ghorofa ya tatu ya hosteli yetu jioni moja. Roshani ya kila chumba ina kamba ya nguo, godoro limeanikwa, katoni za vitabu. Na juu yake kuna mwenzetu anavuta, akimaliza anakidondosha kipisi chini bila kutazama. Nikimwambia, najua atanijibu nini, kwa sababu ni maneno niliyoyasema mimi mbele ya darasa nikapigiwa makofi: chumba nimelipia.

Nilimpigia kaka tena kumwambia naandika haya. Nilidhani atafurahi. Akauliza kwanza kama nimetaja jina la meli. Nikamwambia sikutaja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Basi andika na hili: ile siku, taulo lingekuwa kavu, mimi nilikuwa nimelala deki ya chini kabisa."