Diski Pacha si Nakala ya Akiba

Miongoni mwa watafiti wa fasihi simulizi imezuka imani kwamba data iliyohifadhiwa katika diski zaidi ya moja haiwezi kupotea. Imani hiyo yafaa kuhojiwa, maadamu hasara yake huwaangukia watu wasiowahi hata kuiona tarakilishi yenyewe.

Mathalani, mtafiti hushuka Kona ya Musa, Kwale, akanasa ngano na nyimbo za Kidigo vinywani mwa wazee. Arejeapo chuoni, sauti hizo huwekwa katika mfumo uitwao RAID, uliofafanuliwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika aina yake iliyo sahili, kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa papo hapo katika pacha wake. Moja ikifa, ya pili huendelea na kazi. Kwa ajali ya namna hiyo, kinga hii ni ya kutegemewa kweli.

Hata hivyo, utiifu wa pacha ndio udhaifu wake. Faili ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa kotekote kwa nukta ile ile. Virusi navyo ni vivyo hivyo. Mwizi hubeba sanduku zima. Umeme ukipanda ghafla haubagui. Isitoshe, diski zilizotoka kiwanda kimoja na kununuliwa siku moja huzeeka pamoja, na ya pili yaweza kufa wakati ule ule inaponakiliwa kwenye diski mpya.

Tungo za Muyaka wa Mombasa ziliokoka kwa njia nyingine. Mwalimu Sikujua alizikusanya, akashirikiana na W. E. Taylor, miswada ikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha Johannesburg. Nakala hizo zilitenganishwa na bahari, si na upana wa kiganja. (Wala Sikujua hakuhitaji umeme.)

Wapo watakaolalamikia gharama. Lakini diski hununuliwa tena. Mzee aliyekwisha kufariki haimbi tena. Idara za Kiswahili hazina budi kuweka nakala ya pili katika jengo jingine, isiyounganishwa na tarakilishi yoyote, na ya tatu kuirejesha Kwale kwa wenyewe. Kisha kila muhula mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kufungua faili chache na kuzisikiliza hadi mwisho.