Utepe wa Fedha
Katika maajabu yote aliyoyafukua Leonard Woolley huko Ur, kusini mwa Iraki, katika misimu ya uchimbaji iliyoendelea tangu mwaka 1922 hadi 1934, mapambo ya dhahabu ya kichwa cha Malkia Puabi ndiyo yasifiwayo mno, nami sina ugomvi na wayasifuo. Lakini linishughulishalo mimi ni jambo dogo zaidi, nalo ni utepe mmoja wa fedha. Katika shimo moja kubwa la makaburi ya kifalme ya huko, ambamo watumishi 74, wanawake 68 miongoni mwao, walilazwa safu kwa safu ili kumfuata bwana wao kaburini zapata miaka 4,500 iliyopita, hali wanawake hao wamefungwa nyweleni tepe za dhahabu au za fedha, alionekana binti mmoja asiye na utepe kichwani, na penye kiuno chake kiduara cha kijivu ambacho, kilipokwisha kusafishwa, kilibainika kuwa ndio utepe wenyewe, ungali umeviringishwa barabara kana kwamba ndio kwanza utolewe sandukuni. Woolley alikisia kwamba maskini huyo alichelewa, asiwahi kujipamba. Na hapo namwafiki. Bali alipodai kuwa wote walikunywa sumu kwa ridhaa yao, wakajilaza taratibu kama waendao kulala, namwona amewadhania wafalme heri kupita kiasi, maana mafuvu mawili ya makaburi hayo, yalipopigwa eksirei za kompyuta huko Pennsylvania, yalionekana yametobolewa kwa chombo chenye ncha.