Manunuzi ya mtandaoni: Fedha hutangulia, mzigo hubaki nyuma

MSIMU wa mvua unapokaribia, simu za wakulima na wafugaji hujaa matangazo. Vifaranga wa kuroiler wa siku moja, mashine za kutotolesha mayai, pampu za umwagiliaji zinazotumia umeme wa jua na mbegu chotara za nyanya huonekana katika Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, vikiwa na picha nzuri na bei iliyo chini kidogo ya ile ya dukani. Chini ya picha huwekwa namba ya simu. Mnunuzi akipiga, maongezi huwa mafupi na ya heshima, na mwisho wake hujulikana: tuma nusu ya fedha, mzigo unapakiwa kwenye basi leo jioni.

Wengi walioibiwa kwa njia hii hujilaumu kwamba hawakumtambua tapeli. Lawama hiyo haiwasaidii, kwa sababu hata mfanyabiashara mzoefu hawezi kuujua moyo wa mtu kwa kuisikia sauti yake kwenye simu. Swali linaloweza kujibiwa kabla ya kutuma fedha ni jingine kabisa: tangu fedha inapotoka mpaka mzigo unapofika, nani anaishika?

Kwa manunuzi mengi yanayofanyika Tanzania, jibu ni kwamba anaishika muuzaji peke yake. Chanzo cha hali hiyo ni namna huduma za fedha kwa simu zilivyozaliwa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwezesha aliye mjini kutuma fedha nyumbani kwa mama, kaka au mke. Aliyetuma alimfahamu aliyepokea, hivyo hapakuwa na haja ya mtu wa tatu kuizuia fedha njiani. Leo njia ileile inatumika kulipia bidhaa kwa mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumwona. Kampuni ya simu haijui kama Sh180,000 zilizopita ni za vifaranga au ni ada ya mtoto. Kwake ni fedha iliyofika salama.

Ndiyo maana kurudishiwa fedha ni kugumu. Nchini Kenya mteja wa M-Pesa anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kuupeleka ujumbe wa malipo kwenye namba 456, lakini utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, na hausaidii kitu kama fedha imeshatolewa kwa wakala. Mnunuzi anayelalamika kwamba mzigo haukuja hakukosea namba. Alituma mahali alipokusudia.

Biashara ya vifaranga inaonyesha tatizo hili vizuri kuliko nyingine. Mayai ya kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na watotoleshaji wa kweli huuza kwa oda kabla hata mayai hayajaingia kwenye mashine. Kutanguliza fedha na kusubiri wiki tatu ni desturi ya kawaida katika kazi hiyo. Tapeli hahitaji kubuni kisingizio, kwani biashara yenyewe imeshampa. Tuseme mfugaji ameagiza vifaranga 200 kwa Sh1,800 kila mmoja. Jumla ni Sh360,000, nusu yake ni Sh180,000. Atatuma leo, atatengeneza banda, atanunua chakula na taa za joto, na kwa siku 21 hatakuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Siku ya 22 akipiga simu, laini haipatikani. Katika muda huohuo wapo wengine waliotuma kwa namba ileile, na kila mmoja alikuwa anasubiri kwa utulivu kama yeye.

Mfugaji anayejua kazi ana maswali ya kuuliza. Je, vifaranga vimechanjwa Marek, chanjo ambayo hutolewa palepale vinapoanguliwa? Wanaokufa njiani wanahesabiwa kwa nani? Shamba la kuku wazazi liko wapi, na je, mtu anaweza kufika kuliona? Majibu mazuri si uthibitisho, maana tapeli naye husoma. Swali la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu aliye Iringa akiwa na ndugu Dar es Salaam au Morogoro anaweza kumtuma akaone kwa macho. Nauli ya daladala na ya pikipiki haifikii hata sehemu ya kumi ya kianzio. Kampuni kubwa za kutotolesha nazo zina mawakala mikoani, na oda iliyowekwa dukani kwa wakala huacha risiti na mlango wa kugonga.

Wapo wanaojifariji kwa jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Jina hilo ni kinga, ila ni nyembamba. Likitofautiana na la muuzaji, jibu huwa tayari: hiyo ni laini ya mhasibu, au ya mke wangu. Tanzania ilianza kuzifunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 2020, na bado kuna laini zinazotumiwa na watu wasio wamiliki wa kitambulisho kilichosajiliwa. Mkulima mwenyewe anaweza kupiga *106# kuona ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, ajue kuna mtu anaweza kuuza pampu hewa kwa jina lake.

Namba ya malipo ya biashara, ile ambayo wengi wanaiita Lipa Namba, ina nafuu zaidi. Jina linalotokea ni la biashara, na mwenye nayo alijitambulisha alipoiomba. Haizuii fedha njiani, ila inaacha alama ya kufuatilia. Muuzaji anayedai ana duka Kariakoo halafu anang'ang'ania namba binafsi anastahili kuulizwa kwa nini.

Mfumo unaojibu swali la nani ashike fedha upo, na baadhi ya wafanyabiashara wadogo wanaoagiza China wameuzoea. Katika Alibaba kuna huduma ya Trade Assurance, ambapo mnunuzi hulipa kupitia mtandao wenyewe, na akiletewa kisichokuwa katika makubaliano au asipoletewa kabisa anaweza kufungua madai. Udhaifu wake ni mmoja, nao husababishwa na mnunuzi. Muuzaji humwambia walipane nje ya mtandao, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, ili wapunguze gharama. Akikubali, kinga yote imekwisha hapohapo. Hali kadhalika anayenunua gari au trekta lililotumika Japani akipata barua pepe ya dakika za mwisho inayosema akaunti imebadilika, apige simu kwenye namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Anayeagiza nje pia hudanganywa na hesabu yake mwenyewe. Bei inayoonekana kwenye skrini si bei ya mzigo ukiwa Dar es Salaam. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki wa asilimia 25, na nyingine 35, halafu VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Mzigo wenye thamani ya Sh1,000,000 pamoja na usafiri na bima utalipiwa Sh250,000 za ushuru, kisha Sh225,000 za VAT, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala wa forodha. Zana nyingi za kilimo hupata nafuu, hivyo ni vema kuuliza kwanza kabla ya kulipa.

Kwa pembejeo, hatari haiishii kwenye fedha. Mbegu bandia ikifika salama ni hasara kubwa kuliko mbegu isiyofika, kwa kuwa inachukua na msimu mzima. Pakiti iwe na lebo ya TOSCI, na kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/2023, huuzwa na wakala aliyesajiliwa kwa mkulima aliyeandikishwa. Anayeitangaza WhatsApp na kutaka atumiwe fedha kwanza yuko nje ya utaratibu huo, hata akiweka nembo ya wizara.

Muuzaji naye haponi. Mwenye duka anayeuza kwa simu huonyeshwa ujumbe wa malipo wa kughushi, au picha ya skrini ya malipo ambayo hayakufanyika, huku bodaboda akiwa mlangoni anasubiri mzigo. Dawa yake ni kutazama salio kwenye simu yake mwenyewe na kuuacha ujumbe huo kama ulivyo.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki zote ni za mwaka 2015, na ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa TCRA kupitia namba 15040. Aliyeibiwa aipigie kampuni ya simu mara moja, kabla fedha haijatolewa, kisha aende polisi na ujumbe wa malipo pamoja na mazungumzo yote bila kuyafuta. Hata hivyo, kwa Sh180,000, mfugaji wa kijijini hupima nauli na siku za kazi zitakazopotea, na wengi huamua kunyamaza. Matapeli wanaijua hesabu hiyo, na pengine ndiyo sababu hawaombi fedha nyingi.

Kulipa mzigo ukifika ndiyo njia ambayo wanunuzi wengi wangeipenda. Jumia iliitumia Tanzania hadi ilipofunga shughuli zake nchini Novemba 2019, ikieleza kwamba inaelekeza nguvu katika masoko mengine. Wauzaji wa Kariakoo wanaosafirisha kwa mabasi huikubali kwa wateja wa siku nyingi tu. Nao wana hoja. Mzigo ukifika Sumbawanga na mteja akazima simu, gharama ya kuupeleka na kuurudisha ni ya muuzaji, na hakuna ofisi ya mizigo ya basi itakayomhurumia. Kwa hiyo baadhi yao wameanza kukutana na mteja katikati: mnunuzi hutuma nauli ya mzigo tu, muuzaji huupakia, na bei yenyewe hulipwa kwenye ofisi ya basi baada ya boksi kufunguliwa mbele ya mtu aliyetumwa kulipokea.