Picha Yangu, Ufunguo Wako

Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika kazi hiyo nilitia saini karatasi nyingi. Ipo moja inayoninyima usingizi mpaka leo: hati ya mwaka 2001 ya kupokea skana pamoja na programu yake. Muuzaji alituahidi kwamba picha zote za mahafali ya chuo zingehifadhiwa katika kompyuta milele. Tulimwamini. Picha za karatasi tukazirudisha stoo, na huko mchwa wakazimaliza.

Mwaka 2023 alinijia nyumbani mjane wa mwanafunzi wangu mmoja aliyehitimu mwaka 1984. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla hajaketi akaniambia haja yake. Nyumba yao iliwahi kuungua, na watoto hawakuwa na picha hata moja ya baba yao akiwa kijana. Je, chuoni haikubaki? Nikamjibu kwa furaha kwamba ipo, kwani nilipostaafu nilikuja na nakala ya mafaili yale katika diski.

Kweli faili lilikuwamo, na jina la mume wake limeandikwa vizuri kabisa. Lakini halikufunguka. Herufi tatu za mwisho wa jina la faili hazikutambuliwa na programu yoyote tuliyokuwa nayo. Programu iliyolitengeneza iligoma kufanya kazi katika kompyuta za siku hizi, na kampuni iliyoiuza ilikwisha kuacha kuishughulikia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu wa kweli, kijana anayezijua kompyuta. Alinieleza kwamba faili la picha ni mfululizo wa namba tu, na namba za mwanzo ndizo zinazotambulisha aina yake. Faili la JPEG huanza na baiti mbili zinazoandikwa FF D8; faili la PNG hubeba herufi zenyewe P, N na G katika baiti ya pili, ya tatu na ya nne. Faili letu lilianza na alama ngeni. Akaendelea kutafuta, na katikati akazikuta zile FF D8. "Babu, humu ndani kuna picha ndogo ya JPEG," akasema. Akaikata kuanzia hapo, akaihifadhi peke yake, ikafunguka.

Uso wa yule kijana ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Ilikuwa ni picha ya kuonyeshea tu, iliyowekwa humo ili mtumiaji aone faili lina nini. Picha kubwa yenyewe imo, nzima, lakini imefungashwa kwa namna ambayo kampuni haikuieleza popote. Tulimchapishia mjane ile ndogo. Alishukuru, akaifunga katika kanga yake. Mimi niliona aibu.

Wapo watakaosema: hiyo ni siri ya biashara, na mwenye kampuni ana haki ya kuilinda. Sikubali. Fundi seremala akiniuzia kabati, siri ya randa yake na ibaki kwake. Lakini hana haki ya kubaki na ufunguo, wakati nguo zilizo ndani ni zangu. Afiche anavyotengeneza skana yake. Namna namba zilivyopangwa ndani ya faili langu ni lazima niambiwe, kwa sababu picha si yake.

Wala si kweli kwamba kueleza muundo wa faili huua biashara. Kampuni ya Aldus ya Marekani ilitoa muundo wa TIFF mwaka 1986, na mwaka 1992 ikachapisha maelezo ya toleo la sita, kila mhandisi ayasome. Mwaka 1994 Aldus ilimezwa na Adobe, jina lake likatoweka. Mafaili ya TIFF ya miaka ile yanafunguka hadi leo. Kampuni imekufa, picha zinaishi. Sihitaji ushahidi mwingine.

Lakini upo. Watengenezaji wengi wa kamera za kidijitali hawakuchapisha maelezo ya picha ghafi za kamera zao. Ndipo Mmarekani mmoja, Dave Coffin, alipoanza mwaka 1997 kuandika programu yake ya dcraw, akichunguza muundo mmoja baada ya mwingine, hadi ikaweza kusoma picha za mamia ya kamera. Namheshimu sana mtu huyo. Lakini ni ustaarabu gani huu, ambamo mwenye nyumba anategemea hisani ya mvunja kufuli ili aingie chumbani mwake?

Wengine watasema kosa ni letu wanunuzi. Hapo nakubali nusu. Tuliuliza bei, tukauliza dhamana, tukauliza rangi ya maboksi. Hatukuuliza swali moja: siku kampuni yenu isipokuwapo, nani atafungua mafaili haya? Mkuu wa shule, katibu wa parokia, imamu wa msikiti, karani wa ofisi ya ardhi, sote tumo katika kosa hilo.

Basi nasema hivi. Usinunue chombo kinachoweka picha katika muundo wa siri tu. Kama tayari unacho, zigeuze picha zako leo, wakati kompyuta ya zamani ingali inawaka. Zigeuze kuwa TIFF au PNG, zinazoweza kuhifadhi picha bila kupunguza kitu, maana JPEG hupunguza kidogo kila inapohifadhiwa upya. Faili la awali usilifute, huenda siku moja atatokea wa kulifungua lote. Na picha za karatasi usizitupe stoo.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Picha usiyoweza kuifungua bila ruhusa ya mwingine ni ya kuazima, hata kama uso uliomo ni wa mumeo. Mimi nilitia saini bila kuuliza. Wewe uliza kwanza.