Kijana Kiziwi na Nyota ya Zimwi

Katika kitabu chake cha nyota alichokikamilisha mwaka 964, Abdul-Rahman as-Sufi, mwanafalaki aliyefanya kazi Isfahan, alizipanga nyota kundi kwa kundi, na kila kundi akalichora mara mbili: kama lionekanavyo mbinguni na kama likaavyo juu ya tufe. Miongoni mwa nyota hizo imo moja ambayo Waarabu waliiita Ra'sul-Ghuul, yaani Kichwa cha Zimwi. Wazungu walilichukua jina hilo, likageuka vinywani mwao kuwa Algol.

Tuliweke wazi jambo moja kabla ya kuendelea, maana neno unajimu kwetu limebeba mizigo miwili. Mwenye kupiga ramli na kutabiri riziki za watu kwa nyota hana nafasi katika safu hii. Tunamzungumzia mwenye kutazama, kupima na kuandika alichokiona. Elimu ile ile inayotupatia kibla na nyakati za swala.

Zaidi ya miaka 800 baada ya as-Sufi, nyota hiyo ilipata mtazamaji ambaye wengi wasingemtarajia. John Goodricke alizaliwa mwaka 1764, akawa kiziwi tangu utotoni. Wazee wake hawakumficha ndani. Walimpeleka Edinburgh kwenye shule ya Thomas Braidwood, iliyofundisha watoto viziwi, kisha akajiunga na chuo cha Warrington, akasoma pamoja na wanaosikia. Hiyo ilikuwa karne ya 18. Je, ni nyumba ngapi mitaani mwetu leo ambamo mtoto kiziwi hutumwa dukani kila siku lakini hapelekwi madrasa, kwa hoja kwamba hatalisikia somo? Sisi ambao Mtume wetu (s.a.w.) alimfanya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, kuwa mwadhini wake pamoja na Bilal, hatuna udhuru katika hili.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782, katika mji wa York, Uingereza, Goodricke aliitazama Algol akaiona imefifia kuliko kawaida yake. Alikuwa na miaka 18. Hakuwa mwajiriwa wa mtu, na kwa kazi hii hakuhitaji darubini: aliilinganisha nyota ile na jirani zake, ipi inang'aa zaidi na ipi imezidiwa, akaandika pamoja na saa. Usiku baada ya usiku aliendelea, akishirikiana na jirani yake Edward Pigott, naye mpenzi wa nyota, hadi mpango ukadhihirika. Algol hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika zipatazo 49. Kijana huyo akapendekeza kwamba huenda kuna kitu chenye giza kinachoizunguka na kuikinga nuru yake. Mwaka 1783 Jumuiya ya Kifalme ya London ikamtunuku Nishani ya Copley. Ushahidi kwamba Algol kweli ina mwenziwe anayeizunguka ulipatikana mwaka 1889, yeye akiwa kaburini zamani. Alifariki mwaka 1786, akiwa na miaka 21 tu.

Kabla ya kufa alikuwa amegundua kwamba nyota nyingine, Delta Cephei, nayo hupanda na kushuka nuru kwa mpango. Ugunduzi huu ulikuja kuzaa makubwa. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani, mwanamke aliyekuwa mzito wa kusikia, alionyesha kwamba nyota za aina hiyo zinaweza kutumika kupimia umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaipata moja katika galaksi ya Andromeda, na kwa kipimo hicho ikajulikana kuwa iko mbali mno nje ya galaksi yetu. Na Andromeda ndiyo ile ile ambayo as-Sufi aliiandika kitabuni mwake kama kiwingu kidogo.

Mzazi mwenye mtoto kiziwi, au mtoto yeyote mwenye macho makini, anaweza kuanza Desemba hii. Baada ya swala ya Isha, mawingu yakiruhusu, elekeeni kaskazini mkakitafute Kilimia. Nyoosha mkono, teremka kiasi cha shubiri moja, kidogo kushoto: hapo ndipo ilipo Algol. Mpe mtoto daftari na saa, mwonyeshe kwa vidole nyota mbili tatu za jirani, kisha mwache apange mwenyewe ipi inaizidi ipi. Kufifia huchukua saa kama 5, na kurudi saa nyingine kama hizo, basi mtazamo mmoja hautoshi. Tazameni tena kabla ya kulala. Mkiikuta iko vile vile, andikeni hivyo hivyo. Zamu yake nyingine huja kabla siku 3 hazijatimia, ingawa mara nyingi huangukia mchana, na hapo hamna budi kungoja inayofuata.