Mtoto Mchanga Si Kikwazo

Wapo watu huko Marekani na Ulaya ambao humcheka mzazi anayeingia msituni na mtoto mchanga kifuani kwenda kutafuta kisanduku kilichofichwa. Mabwana hao hudai kwamba jiokashi ni mchezo wa wenye miguu myepesi, na kwamba aliyejaliwa mtoto hana budi kukaa nyumbani hadi mtoto ajue kutembea. Hoja hiyo ni potofu.

Mchezo huo haukuzaliwa kwa ajili ya mabingwa. Mwanzoni mwa Mei, 2000, serikali ya Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa ikitiwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti za jeshi lake, na raia wakaweza kujua kwa usahihi mahali waliposimama. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, yenye daftari, penseli na vikorokoro, akatangaza vipimo vya latitudo na longitudo ili atakaye aitafute. Leo vipo visanduku zaidi ya milioni tatu duniani. Chombo cha vita kimekuwa chombo cha matembezi. Nani basi amewapa mabwana hao mamlaka ya kuweka mlinzi mlangoni?

Tena kila kisanduku hupewa daraja la ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5, na daraja la 1 hufikika hata kwa kiti cha magurudumu. Mzazi hujua tangu nyumbani aendako.

Hatari zipo, na kuzificha ni unafiki. Mtoto asiyetimiza miezi sita hafai kuachwa juani. Asiyetimiza miezi miwili hapakwi dawa ya kufukuza wadudu, ilhali misitu ya kaskazini mashariki ya Marekani ina kupe waenezao ugonjwa wa Lyme. Hizo ni sababu za kumfunika mtoto na kumkagua mwili mzima warudipo, wala si za kumfungia ndani. Wanawake wa Afrika wamebeba watoto kwa mbeleko hadi shambani na kisimani bila kuomba ruhusa ya mabingwa.

Lawama iwaendee wafichaji wanaotafuta sifa. Hao hutumia vijisanduku vya sumaku vidogo kuliko ncha ya kidole, wakati mtoto hutia kila kitu kinywani, na sumaku mbili zikimezwa huweza kubana utumbo na kuutoboa. Mwaka 2011, mjini Wetherby, Uingereza, kisanduku kilichofichwa barabarani kilidhaniwa kuwa bomu, na wanajeshi wakaitwa kukilipua. Huo ndio ustadi?

Mfichaji mwenye mtoto mgongoni hawezi ujinga huo. Hapandi jabali, kwa kuwa mkono wake mmoja una kazi nyingine. Hapiti penye miiba. Humwomba mwenye ardhi idhini, maana hana mbio za kumkimbia. Na kwa kuwa kanuni zamtaka arudi kukitunza kisanduku chake, huchagua mahali atakapoweza kurudi mvua ikishanyesha na daftari limelowa: hatua chache kutoka njiani, chini ya mti wenye kivuli, penye nafasi ya kutandika kitambaa na kubadilisha nepi.